Kuganda kwa Damu: Neno Moja, Hatari Mbili

Kimefika mezani petu kijitabu cha afya ya uzazi kilichofasiriwa kwa ajili ya wakunga. Kiswahili chake ni safi na chasomeka bila taabu. Hata hivyo, katika sura ihusuyo damu, mfasiri ametumia jina moja, "ugonjwa wa kuganda damu", kwa maradhi mawili yanayopingana: damu kufanya donge ndani ya mshipa wa mguu wa mjamzito, na damu kukataa kuganda baada ya kujifungua. Mgonjwa wa kwanza huhitaji heparini. Wa pili, akipewa dawa hiyo, huenda akapoteza maisha.

Kosa halikuishia hapo. Heparini imeitwa "dawa ya kuyeyusha damu". Damu ni kiowevu tangu asili, haiyeyushwi. Wala heparini haiyeyushi donge lililokwisha kufanyika, bali hulizuia lisikue na mengine yasizuke. Nayo asidi ya traneksamiki imeitwa "dawa ya kugandisha damu". Dawa hii, ambayo mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mama anayevuja damu nyingi apewe ndani ya saa 3 tangu kujifungua, haigandishi kitu. Hulilinda donge lililoziba jeraha lisivunjike mapema.

Pengine itasemwa kwamba muktadha hufafanua. Lakini mkunga wa zamu ya usiku hasomi sura nzima. Hutazama kichwa cha habari na jina la dawa.

Twapendekeza "mgando", neno linalojulikana katika maziwa mgando, liwe jina la tendo la kawaida la damu. Maradhi ya kwanza yaitwe "donge la mshipani", na ya pili "upungufu wa mgando". Heparini iwe "kizuiamgando", na traneksamiki "kilindadonge". Hebu tuyajaribu: "Damu ya mama ikikaa dakika 7 katika mrija mkavu wa kioo bila kufanya donge, au ikifanya donge laini livunjikalo upesi, yashukiwa upungufu wa mgando." Maana haina utata.

Ugumu mmoja wabaki. Kondo la nyuma likibanduka kabla ya wakati, damu yaweza kuganda ovyo katika mishipa midogo hata viini vya mgando vikaisha, kisha mama akavuja damu kila mahali. Hapo hali zote mbili zimo katika mwili mmoja. Ndiyo sababu hatuna budi kuwa na majina mawili.

Wakunga na walimu wao watuambie kama maneno haya yatamkika wodini.