Bradner: Bustani Iliyopangwa Kuanzia Kwenye Sheria

Katikati ya miaka ya 1990, uongozi wa jiji la Seattle, Marekani, ulitaka kuuza ekari 1.6 za ardhi ya umma katika mtaa wa Mount Baker ili zijengwe nyumba. Jiji lilikuwa limeinunua ardhi hiyo miaka ya 1970 iwe bustani ya umma, ila bustani yenyewe haikujengwa. Kwa muda mrefu palisimama madarasa ya muda. Pembeni, wakazi walilima mboga katika vipande vidogo chini ya mpango wa jiji uitwao P-Patch. Baadhi yao walikuwa wakimbizi wa jamii ya Mien waliotoka Laos. Mkulima aliyeinama kwenye tuta lake aliona shamba. Ofisa aliyefungua jalada aliona kiwanja kisicho na kazi. Leo mahali hapo panaitwa Bradner Gardens Park, na namna palivyopangwa inastahili kusomwa na kila ofisa mipango miji, na kila kamati ya mtaa yenye eneo la wazi la kulinda.

Likitajwa neno mpango, wengi tunafikiria ramani: njia ipite hapa, matuta yakae pale, bomba la maji liwe kona ile. Wakazi wa Mount Baker walianzia kwingine. Walitambua kwamba ramani yoyote, hata ichorwe vizuri namna gani, inasimama juu ya ardhi ambayo baraza linaweza kuiuza kwa kura moja. Wakaungana na watetezi wa bustani nyingine za jiji, wakakusanya saini za kuunga mkono hoja ya wananchi namba 42, na mwaka 1997 Baraza la Jiji likaipitisha kuwa sheria.

Nguvu ya sheria hiyo imo katika maneno yake. Haikutangaza kwamba ardhi ya bustani haiuzwi kamwe. Tangazo la namna hiyo lingevunjika mara ya kwanza jiji likihitaji kupitisha bomba au kupanua barabara. Iliweka masharti. Baraza lifanye kwanza kikao cha kusikiliza wananchi. Liridhike kwamba hakuna njia nyingine inayofaa. Kisha jiji lipate, kwa wakati uleule, ardhi au huduma nyingine inayolingana na ile inayotolewa au kuizidi kwa ukubwa, thamani, mahali na manufaa, iwe jirani na palepale, na iwahudumie watu walewale. Kila kipimo kinaziba tundu lake. Thamani peke yake ingeruhusu ekari za mjini kubadilishwa na kipande kidogo cha ghali. Ukubwa peke yake ungeruhusu bonde lenye mafuriko nje ya mji. Na hilo la "kwa wakati uleule" ndilo ninaloliona kuwa kiini cha yote, kwa sababu linafuta ahadi. Kila aliyewahi kuambiwa kwamba eneo mbadala litatafutwa baadaye anajua baadaye hiyo huwa haifiki.

Seattle ilikuwa na sababu ya kujifunza hivyo. Mwaka 1992 baraza lilikuwa limepitisha azimio la kuunga mkono bustani za P-Patch, na mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1994 ukaweka kigezo cha bustani moja ya jamii kwa kila kaya 2,500 katika maeneo yaliyotengwa kukua. Kigezo cha aina hiyo ni kitu adimu na cha thamani, kwa maana kinaiweka bustani katika orodha moja na shule na maktaba. Hata hivyo azimio linaonyesha nia, na kigezo kinaonyesha lengo; hakuna hata kimoja kinachomzuia mtu kuiondoa bustani. Bustani ya Interbay, iliyoanzishwa mwaka 1974, ilihamishwa mara mbili katika miaka ya 1990 kupisha mipango ya uwanja wa gofu. Aliyewahi kutengeneza mboji anaelewa uzito wa habari hiyo: udongo mzuri ni kazi ya miaka, na mkulima akihamishwa anaanza upya karibu kila kitu.

Msomaji wa Nairobi atakumbuka Uhuru Park mwaka 1989, Wangari Maathai aliposimama dhidi ya jengo la ghorofa 60 lililopangwa kujengwa humo. Jengo halikujengwa, na ushujaa ule hauna mfano. Lakini mradi ulikufa kwa sababu wafadhili walirudi nyuma baada ya kelele kuwa kubwa, wala si kwa sababu ulikutana na kifungu cha kuuzuia. Tofauti hiyo ni ya kiufundi, na kwa anayepanga bustani ya miaka 30 ijayo ni kubwa mno. Kelele lazima zipigwe upya kila mara. Kifungu kinabaki kazini hata waliokipigania wakiwa wamezeeka au wamehama.

Ardhi ilipotulia, likaja suala la gharama. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 Seattle ilikuwa na mfuko wa kuchangiana na wakazi, uliosimamiwa na Idara ya Mitaa chini ya mkurugenzi wake wa kwanza, Jim Diers. Mfuko ulianza mwaka 1989 kwa dola 150,000, na mwaka 2001 ulikuwa umefika dola milioni 4.5. Tanzania tunaifahamu hesabu hii kwa jina la nguvu za wananchi: kijiji kinachanga mchanga, mawe na kazi ya mikono, serikali inaleta bati. Seattle iliingiza kazi ya mikono kwenye hesabu kwa bei ya saa. Tuseme saa moja inakadiriwa dola 10. Wakazi 50 wakifanya kazi saa 6 Jumamosi moja, ni saa 300, yaani dola 3,000 kwenye daftari, na jiji linaweza kuweka dola 3,000 taslimu. Utaalamu wa mchoraji na vifaa vya kupewa vilihesabika pia.

Wengi husifu utaratibu huu kwa fedha inayookolewa. Mimi naona faida kubwa zaidi katika kile unachoufanyia mpango wenyewe. Mradi sharti ubuniwe na wakazi, na kila kipengele kinahitaji watu walioandika majina na saa zao. Ndoto isiyo na watu wa kuibeba inagundulika kwenye fomu ya maombi, kabla shimo la kwanza halijachimbwa. Mpango unapata ukubwa wa jamii yenyewe.

Bradner inaonyesha jambo hilo kwa macho. Mbali na vipande vya mboga, ina bustani ya watoto, eneo la mimea ya asili, matuta ya maonyesho yanayotunzwa na wataalamu wa kujitolea wa Kaunti ya King, uwanja wa mpira wa kikapu na banda lililojengwa na wanafunzi wa usanifu majengo wa Chuo Kikuu cha Washington. Sehemu mbalimbali zina kikundi kinachozitunza, na kwangu hilo ndilo somo kuu la uchoraji wake: mipaka ya sehemu inafuata mipaka ya uangalizi. Uwanja wa kikapu nao umekaa kwa haki. Bustani ya mboga pekee huwafaa wenye vipande. Kijana asiyelima naye anahitaji sababu ya kuingia, la sivyo siku ardhi itakapogombewa tena atakuwa upande wa wanaosema ardhi inatumiwa na wachache.

Mpango huu una mapungufu, na ni ya kweli. Kuhesabu saa humpendelea mwenye saa za ziada. Mama anayefanya kazi mbili na kulipa kodi ya nyumba hana Jumamosi ya kutoa, wala hana hakika ya kuwepo mtaani mwaka ujao. Seattle ililipunguza tatizo kwa kuweka watumishi wa kuwasaidia wakazi kuandaa maombi, bila kulimaliza.

Pengo jingine liko kwenye ardhi yenyewe. Sheria ya 1997 inalinda ardhi ya bustani za umma, ilhali P-Patch, ambazo sasa zinakaribia 90, hazikai zote juu ya ardhi hiyo. Nyingine ziko kwenye ardhi ya mashirika ya umma au ya mamlaka ya nyumba, na huko mkulima anaishi kwa makubaliano ya kutumia, ambayo mwenye ardhi anaweza kuyasitisha. Jiji likitaka kutimiza kigezo chake cha 1994 kwa dhati, kazi inayofuata ni kuzipitia bustani hizo moja baada ya nyingine, kuangalia kila makubaliano yanaisha lini, na kuyapa yaliyo dhaifu ulinzi uleule ambao Mount Baker iliupata kwa saini.