Heko kwa Fundi Rangi wa Gereji ya Wazi

Mwenye gari kuukuu anayetaka kulibadili rangi bila kufilisika ana deni la shukrani kwa mafundi rangi wa gereji za wazi, kama wale wa Gerezani, Dar es Salaam, au Grogan, Nairobi. Bei yao ni nafuu kwa kuwa hawana jengo la kulipia, si kwa kuwa hawana ujuzi. Mtazame fundi kwenye mlango uliobonyea: hupaka puti, husugua kwa msasa wa maji, kisha hupitisha kiganja, maana mkono huhisi wimbi ambalo jicho halilioni. Kupuliza rangi ni kazi ya muda mfupi; ugumu uko kwenye maandalizi, na hapo ndipo wanaolipua kazi hujulikana.

Wapo wasemao vumbi la nje huharibu kazi. Kweli hutua, lakini chembe zake huondolewa kwa msasa laini na polishi. Lawama nzito ni ukungu wa rangi anaouvuta fundi, na hapo sina utetezi: kitambaa puani hakitoshi. Basi, mteja, ongeza pesa ya barakoa yenye chujio, na usisahau kubadilisha rangi kwenye kadi ya gari.