"Ridhaa" na "Idhini": Lugha ya Karatasi za Utafiti wa Majeruhi wa Kichwa

Miongoni mwa kazi nzito zinazomfikia mfasiri ni karatasi ya maelezo asomewayo ndugu wa mtu aliyeumia kichwa, ili aamue kama majeruhi huyo aingizwe katika utafiti wa dawa. Karatasi hiyo husomwa kwa haraka, na msikilizaji huwa amejaa hofu. Neno lisilofaa laweza kumfanya akubali asilolielewa, au akatae ambalo angelikubali. Makala haya yanapima istilahi nne zinazokutwa katika maandishi ya namna hiyo.

Ya kwanza ni "jeraha la kiwewe la ubongo". Fungu hili limefasiriwa neno kwa neno. Kiwewe kwetu ni kuchanganyikiwa kwa sababu ya hofu au mshtuko. Kwa hiyo msikilizaji atadhani kwamba maradhi yasemwayo ni ya akili, ilhali ni ubongo uliodhurika kwa kugongwa, kuanguka au kupigwa. "Jeraha la ubongo" latosha. Pakihitajika kutaja chanzo, na tuseme "jeraha la ubongo litokanalo na pigo".

Ya pili ni "tiba ya majaribio". Katika Kiswahili nomino kuu hutangulia, na msikilizaji hushika neno "tiba", yaani kitu cha kuponya. Ahadi hiyo yaweza kuwa ya uongo. Utafiti uitwao CRASH, uliotangazwa mwaka 2004, ulihusisha watu wazima 10,008 walioumia kichwa. Ulipima dawa ya jamii ya kotikosteroidi ambayo ilikuwa imetumika kwa majeruhi wa namna hiyo kwa zaidi ya miaka 30. Katika wiki mbili za kwanza walikufa 21.1% ya waliopewa dawa, na 17.9% ya wasiopewa. Hivyo, dawa iliyodhaniwa kuokoa iliongeza vifo, na bila ya utafiti huo pengine ingeliendelea kutumika. "Jaribio la tiba" ni istilahi ya kweli zaidi: hutanguliza jaribio, na haimwahidi mtu nafuu.

Ya tatu ni "dawa bandia". Neno bandia limekwisha kushikamana na noti bandia na bidhaa bandia, hunuka udanganyifu. Ndugu wa mgonjwa ataona kwamba mgonjwa wake anatapeliwa. Katika utafiti wa CRASH-3, uliotangazwa mwaka 2019 na kuhusisha wagonjwa 12,737, kilicholinganishwa na dawa kilikuwa maji ya chumvi, na matibabu ya kawaida yaliendelea kwa wote. Basi na iandikwe wazi: "maji ya chumvi yasiyotiwa dawa". Vitabuni twaweza kutumia "kilinganishi".

Ya nne ndiyo nzito kuliko zote: "ridhaa". Neno hili ni la ukoo mmoja na "radhi" na "kuridhika". Ni jambo la moyo wa mtu mwenyewe. Mtu aliyepoteza fahamu hawezi kuridhia. Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani, lililotolewa mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, huruhusu mwakilishi halali aamue kwa niaba yake. Atoacho mwakilishi huyo ni "idhini", yaani ruhusa ya mwenye mamlaka ya kuitoa. Kuyaita mambo haya mawili kwa jina moja kunaficha haki ya mgonjwa: akizinduka, ataonyeshwa karatasi iliyokwisha kutiwa sahihi chini ya neno "ridhaa", naye atadhani kwamba shauri limekwisha.

Inapendekezwa kwamba karatasi iwe na sehemu mbili: "Idhini ya Mwakilishi", itakayojazwa mwanzoni, na "Ridhaa ya Mgonjwa", itakayobaki wazi mpaka apate fahamu. Chini yake iandikwe kwamba anaweza kujitoa bila ya kunyimwa matibabu.

Yapo watakaosema kwamba istilahi fupi ni bora kuliko maelezo. Katika kamusi ni kweli. Lakini karatasi hii haisomwi na wataalamu wenzetu. Wafasiri na watumishi wa hospitali wanaombwa wayajaribu mapendekezo haya kwa kuwasomea watu wasio waganga, kisha walete hoja zao kabla istilahi hizi hazijasanifishwa.