Kwa nini Ol Doinyo Lengai hupandwa usiku

Wanaorudi kutoka mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai husifu mawio ya jua kileleni, na wengi huamini ndiyo sababu ya kuondoka saa sita usiku. Si kweli. Ratiba ile imepangwa na mteremko.

Sisi wa Haneti tumezoea vilima vya mwamba: unakanyaga, jiwe linakubeba. Lengai, kule kusini mwa Ziwa Natron, una mita zipatazo 2,960, na milipuko ya 2007 na 2008 iliufunika kwa majivu mapya. Majivu hayo yakinyeshewa hushikamana yakawa magumu, kisha maji huyachimba vifereji, na juu yake hubaki changarawe inayoteleza. Njia ndiyo hiyo. Kupanda, unapigilia ncha ya kiatu na kusonga. Kushuka ndiko kwenye kazi: kisigino hakipati pa kushika, magoti hubeba mwili mzima, na lazima uone kila unapotua mguu. Basi giza hutumika kupandia, mwanga ukawekewa mteremko. Tena mlimani hakuna kivuli wala maji. Atakayekutwa juu na jua la mchana atakiona cha mtema kuni.

Wapandaji makini hufuatana karibukaribu. Jiwe likichomoka, limfikie wa nyuma kabla halijashika kasi.

Zamani zawadi ya kileleni ilikuwa kutembea ndani ya kasoko, kwa kuwa lava ilikuwa imeijaza karibu hadi ukingoni. Lava hiyo haina mfano duniani: ni kaboneti za sodiamu na potasiamu, joto lake nyuzi 500 hadi 600 tu, takriban nusu ya lava ya kawaida. Mchana huonekana nyeusi kama oili chafu. Ikipata unyevu hugeuka nyeupe. Mlipuko wa 2007 uliifumua sakafu ile ukaacha shimo lenye kuta wima. Siku hizi watu huchungulia kutoka ukingoni, na ukingo wenyewe ni majivu, kwa hiyo ni heri kuchungulia ukiwa umelala kifudifudi.

Aliyefika kilele cha Uhuru cha Kilimanjaro, mita 5,895, asiudharau Lengai. Kilimanjaro hugawanywa kwa siku tano au zaidi. Hapa zaidi ya mita 1,500 humalizwa usiku mmoja. Ningekuwa kiongozi, asiyefika nusu ya njia saa tisa usiku ningemgeuza papo hapo, hata kama amelipa ada yote.