Waliopima Mabaki

Mfugaji wa Kulamawe anayemtafuta ngamia aliyepotea hapotezi muda akikodolea macho upeo wa nyika. Huinama akasoma nyayo: zimekauka kiasi gani, upepo umezifukia wapi. Wanakemia waliotaka kupima prostaglandini, kemikali ambazo mwili hujitengenezea, katika damu ya binadamu walikuja kuinama hivyo baada ya kuzunguka sana, na nawavulia kofia kwa jinsi walivyoinama.

Sehemu ya kisa hiki ilitokea kwa majirani zetu. Mwaka 1968 Sultan Karim, mtaalamu wa dawa aliyekuwa Makerere, Uganda, aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kwamba prostaglandini F2-alfa huonekana katika damu ya mama akiwa na uchungu wa kuzaa. Mwaka huohuo yeye na wenzake wakaeleza walivyoitumia kuanzisha uchungu. Ilikuwa kazi ya kishujaa ukizingatia vifaa vya enzi hizo. Kipimo cha kawaida kilikuwa kipande cha utumbo wa mnyama kilichoning'inizwa ndani ya maji ya chumvi, kikadondoshewa kile ulichokichuja kwenye damu. Utumbo ukijikunja, umepata.

Tatizo ni mapafu. Ferreira na Vane walikwisha kuonyesha mwaka 1967 kwamba damu ikipita mapafuni mara moja tu, zaidi ya asilimia 90 ya prostaglandini za aina ya E na F huwa zimetoweka. Tena sindano ikiingia mshipani, chembe sahani hushtuka zikatengeneza nyingine papo hapo. Kwa hiyo namba inayotoka maabara huweza kusimulia zaidi mkono wa aliyechota damu kuliko mji wa mimba wa mama.

Ndipo wakageukia mabaki. Kimeng'enya kilichojaa mapafuni huanzia kaboni ya 15: huinyang'anya hidrojeni, na kundi la haidroksili likawa keto. Kimeng'enya cha pili huongeza hidrojeni kati ya kaboni ya 13 na ya 14. Kwa upande wa F2-alfa, kinachobaki hudumu kwenye damu dakika kadhaa, wakati mzazi wake hamalizi hata moja, na chembe sahani haziwezi kukibuni ndani ya tyubu. Hans Kindahl wa Sweden alikipima hata kwa ng'ombe katika miaka ya 1970, akafuatilia mawimbi ya prostaglandini yanayomrudisha mnyama kwenye joto. Daktari wa mifugo anayemchoma ng'ombe sindano ya prostaglandini ili aingie joto siku aitakayo anaiga mawimbi hayohayo.

Mabaki ya prostaglandini E2 ndiyo yaliyokuwa na ukaidi. Hayatulii. Kaboni ya 11 hudondosha maji. Kisha mengine hujishikiza kwenye alibumini ya damu yasionekane tena, na mengine hujipinda, kaboni ya 16 ikaishika ile ya 11 na pete ya pili ikafungika. Sampuli ileile ikipimwa leo na ikipimwa baadaye hutoa majibu mawili. Elisabeth Granström na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, walilianika jambo hili mwaka 1980: vipimo vilikuwa vikiyumba kwa sababu kinachopimwa kilikuwa kikigeuka njiani.

Hapo wengi wetu tungeongeza barafu. Barafu husaidia, ila inachelewesha tu. Wenye ufundi wao wakafanya kinyume, wakayasukuma mabaki yafike mwisho wa safari yake. Hadi leo anayeyapima huongeza baferi ya kaboneti, yenye pH inayozidi 10, akaiacha tyubu usiku kucha kwenye nyuzi 37. Kufika asubuhi, yaliyokuwa yakihangaika yamejikunja kuwa umbo moja lenye pete mbili, tulivu, na hilo ndilo kingamwili ya kipimo inalolitambua. Naipenda subira iliyomo: kukubali kwamba kitu kitaharibika, kisha kuchagua kiharibike namna gani.

Kuzijua njia za uharibifu kumezaa dawa pia. Mwaka 1973 wanakemia wa kampuni ya Searle, Marekani, walitengeneza misoprostoli, binamu wa prostaglandini E1. Haidroksili ya kaboni ya 15 waliihamishia kaboni ya 16 na kuipa ulinzi wa methili, kimeng'enya kikakosa pa kuanzia. Walikuwa wakilenga vidonda vya tumbo. Leo ni dawa ya kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, na haidai friji kama oksitosini inayotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kwa zahanati zilizo mbali na mji wa Isiolo, kuelekea Merti au Garbatulla, hilo si jambo dogo.

Lakini kaboni ya 11 ilibaki kama ilivyo. Kidonge kikiingiwa na unyevu, hupoteza maji palepale mabaki ya E2 yanapopotezea, nguvu ikapungua. Ndiyo maana hufungwa kwa alumini juu na chini, na muuguzi anayeijua kazi yake haichani alumini hiyo mpaka kidonge kinapohitajika.