Jasho la Birika

Birika la mama lilianza kwa kutoka jasho. Asubuhi ungelikuta jikoni, limejaa maji ya chai ya watu tisa, na pale ubavuni, mkono wake ulipogongewa kwa ribiti mbili, ungeona unyevu mwembamba kama wa paji la mtoto mwenye homa. Baada ya wiki chache jasho likawa tone. Tone likawa linadondokea mkaani, mkaa unalia "chwii", moshi mdogo unapanda, na mama anageuka kulitazama birika lake kwa jicho la kumtazamia mgonjwa.

Nyumbani kwetu ni Chanika, Handeni, na mtu wa Handeni hana tone la kupoteza. Nimekulia kwenye maji ya kubebwa: ya lambo yenye rangi ya udongo, ya mvua yaliyokingwa kwenye bati, na ya kununua kwa dumu kutoka kwa mwenye baiskeli. Hata maji yetu ya bomba ni mgeni aliyetoka mbali. Bomba kuu lililowekwa miaka ya 1970, ambalo wote tunaliita HTM, huleta maji kutoka bonde la Mto Pangani, upande wa Korogwe, mto unaoitwa pia Ruvu. Korogwe iko bondeni na Handeni iko juu, kwa hiyo maji hayo hayaji kwa hiari yake. Husukumwa kwa pampu, yakapandishwa kilima baada ya kilima. Mtu akikutengea chai Handeni, amekutengea mto uliopanda mlima.

Siku moja nilitega kikombe chini ya birika nikahesabu. Tone moja kwa kila sekunde ni zaidi ya lita 4 kwa siku. Ndani ya siku tano limekwisha dumu zima la lita 20, na hakuna aliyekunywa. Tumezoea kusifu haba na haba inayojaza kibaba. Ile inayokimwaga tunaiacha iendelee, kwa kuwa haina kelele.

Nilijitahidi mwenyewe kwanza. Nilisugua sabuni ya kipande kwenye ribiti, kama tulivyofundishwa utotoni kuziba ndoo. Ikashika mpaka maji yalipochemka. Nikanunua gundi ya mirija miwili ya kuchanganya. Ikashika wiki moja, moto ukaibandua kama ganda la kidonda. Kisha nikalipeleka kwa mtu mmoja, ambaye simtaji, akang'oa ribiti ya chini na kutia bolti ya chuma yenye mpira. Hiyo ilishika muda mrefu kidogo. Ilipoachia, tundu lilikuwa kubwa kuliko mwanzo, na kando yake alumini ilikuwa imeota unga mweupe, imelika kama jino bovu.

Ndipo nikapanda gari kwenda Korogwe, kilomita 65 za lami, birika mapajani.

Fundi niliyeelekezwa alikuwa amekaa kando ya soko la Manundu, kwenye kivuli cha turubai. Mbele yake kulikuwa na kipande cha reli chenye urefu wa mkono, kimezikwa nusu kwenye gogo. Hilo ndilo lilikuwa fuawe lake. Mgongo wa reli hiyo ulikuwa umeng'arishwa na nyundo mpaka ukawa kama kioo. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na tangu hapo chuma cha treni hakijakosa kazi ya pili katika mji huu: nimeona vipande vyake vikiwa nguzo za lango, vizingiti, na kengele ya shule. Sijaona kilichofanya kazi nzuri kuliko hicho cha mzee yule.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Linavuja wapi hilo?"

Nikamwonyesha ribiti ya chini, ile yenye bolti. Akaitikia kwa kichwa, lakini hakuitazama. Alilijaza maji mpaka shingoni, akalikausha nje kwa kitambaa, akachukua chaki na kuupaka ubavu wote kuzunguka mkono, kisha akaliweka chini na kuendelea na sufuria ya mtu mwingine. Nikangoja. Baada ya muda akaliinua na kunielekezea. Chaki ilikuwa imelowa kwa mstari mwembamba, na mstari ulianzia juu, chini ya kichwa cha ribiti ya juu, ukashuka nyuma ya bamba la mkono hadi kwenye ile bolti.

"Hii ya chini inalia tu," alisema. "Iliyoumia ni ya juu."

Miezi yote ile nilikuwa nikitibu mahali pa kilio. Nilitaka kumwomba radhi mama yangu nikiwa palepale, katikati ya soko.

Alizing'oa zote mbili. Alisaga kichwa cha ribiti kwa tupa, polepole, bila kugusa ubavu wa birika, kisha akasukuma shina lake kwa tindo na kuliinua lionekane. Lilikuwa limeliwa upande mmoja. Akanipa birika nichungulie tundu. Halikuwa duara tena. Lilikuwa na umbo la yai. Mkono wa birika unapoinuliwa kila siku, ukiwa umebeba maji mazito, ribiti huvutwa upande uleule, na tundu hunyooka kufuata mvuto. Ribiti mpya, hata ikiwa nzuri namna gani, haiwezi kuziba yai. Duara haliingii kwenye yai bila kuacha mwezi mwembamba pembeni, na maji hayahitaji zaidi ya mwezi huo.

Na hapa ndipo nilipouona ufundi wenyewe. Mtu aliyetakiwa kuziba tundu, jambo la kwanza alilofanya ni kulikuza. Alishika keekee ya mkono, akalipanua tundu mpaka yai likamezwa na duara jipya, akalisafisha ukingo kwa msasa hadi alumini ikawa nyeupe. Nikiri kwamba nilishtuka. Nimefikiri mara nyingi tangu siku ile kwamba sisi tusiojua tunaogopa tundu, tunataka kulifunika upesi lisionekane, lakini yeye aliliheshimu. Alitaka kwanza liwe tundu kamili, lenye ukingo mzima, ndipo alitafutie ribiti ya kulitosha.

Ribiti hakuinunua. Aliikata kwenye waya nene ya alumini, na washa mbili akazikata kwenye mfuniko wa sufuria iliyokufa. Nikamuuliza kwa nini asitumie ya chuma, iliyo ngumu zaidi. Akaishika ile bolti yangu yenye kutu akanionyesha, kama mwalimu anayemwonyesha mwanafunzi daftari lake mwenyewe. Metali mbili za jamii tofauti zikigusana ndani ya maji huwa kama betri ndogo, na kati ya chuma na alumini, alumini ndiyo inayoliwa. Ule unga mweupe ulikuwa mwili wa birika ukiondoka kidogo kidogo.

Nikauliza pia kuhusu kulehemu. Alitabasamu. Alumini ikikutana na hewa hujifunika palepale kwa ngozi nyembamba isiyoonekana. Metali yenyewe huyeyuka kwa nyuzi 660, lakini ngozi hiyo haiyeyuki mpaka moto ufikie nyuzi zaidi ya 2,000, na lehemu ya kawaida huteleza juu yake kama maji juu ya jani la mgomba. Ukitaka kuishinda kwa moto wa mkaa, utatoboa birika kabla hujaliziba. Kwa hiyo nyundo ina nafasi yake hapa ambayo moto haujaichukua.

Moto aliutumia kidogo tu, na namna alivyoutumia sitaisahau. Waya ngumu haigongeki vizuri, hupasuka kichwa. Sharti ilainishwe kwanza kwa joto. Tatizo ni kwamba alumini haiwi nyekundu kama chuma ili ikuonye. Inabaki na rangi yake ileile mpaka ghafla inaanguka kuwa tope. Mzee alitoa kipande cha sabuni, akaisugua waya, akaishika juu ya mkaa kwa koleo. Alama ya sabuni ikawa ya kahawia, kisha nyeusi. Ilipokuwa nyeusi akaiondoa. Hapo ndipo joto linapotosha, kabla ya hatari. Ilikuwa sabuni ileile, ya kufulia, niliyokuwa nimeipaka mimi kwenye birika. Kwangu ilikuwa kizibo kibovu. Kwake ilikuwa kipimajoto.

Kisha akagonga. Alipitisha ribiti kutoka ndani, washa huku na washa huku, akakata mkia ubaki mara moja na nusu ya unene wa shina. Ukiwa mrefu zaidi hupinda, ukiwa mfupi hautoshi kufanya kichwa. Kichwa cha ndani alikilaza juu ya reli. Mapigo matatu ya kwanza yalikuwa mazito, yamenyooka, na hayo hayakuwa ya kutengeneza kichwa. Yalikuwa ya kulinenepesha shina ndani ya tundu, lijae mpaka lisiachie hata unywele. Wengi huyaruka mapigo hayo, wakakimbilia kichwa kizuri cha duara, na ribiti yao hupendeza na kuvuja. Baada ya hapo ndipo alipoanza mapigo madogo, mepesi, ya kuzunguka, nyundo ikishuka ukingoni na kurudi, mpaka kichwa kikawa kama kifungo.

Nilipokuwa nikimtazama niliukumbuka mto ule ulio karibu na soko, unaoshuka kupita Hale hadi kuingia baharini Pangani. Huko chini mafundi wa majahazi hukalafati mbao kwa pamba na mafuta. Na kabla ya misumari kuenea, pwani hii ilikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi kutoka ubao hadi ubao. Kila tundu la sindano lilikuwa njia ya maji, na kila tundu likapigiliwa kijiti. Watu wa Marekani nao walilikuta swali hilohilo: mwisho wa Vita Kuu ya Pili kampuni ya Grumman, iliyokuwa ikiunda ndege za kivita, iligeukia mitumbwi ya alumini iliyofungwa kwa ribiti safu kwa safu. Mwenye mtumbwi kama huo akiona maji miguuni humbidi afanye alivyofanya mzee wa Manundu: atafute ribiti iliyoumia, asihukumu kwa inayolia. Tofauti ni kwamba mwenye mtumbwi anayazuia maji yasiingie, na sisi tunayazuia yasitoke.

Najua hoja ya wanaosema birika jipya si ghali, na la zamani liuzwe kwa kilo likayeyushwe. Kuyeyusha alumini chakavu hutumia sehemu ndogo sana ya nishati, karibu asilimia 5 tu ya inayohitajika kuitoa kwenye mawe yake. Ni kazi nzuri, na masufuria yetu mengi yamezaliwa hivyo. Lakini anayeyeyusha hahitaji kujua birika liliumia wapi. Mzee yule alilijua la mama yangu katika saa moja zaidi kuliko mimi niliyeishi nalo miaka ishirini, akanidai bei ya soda mbili. Nilimwongezea. Alikataa kwanza, kisha akapokea kwa mikono miwili.

Nilirudi Handeni jioni. Mama hakusema neno. Alilijaza birika, akatandika gazeti kavu sakafuni, akaliweka juu yake, akaenda kulala. Alfajiri nilimsikia akiamka kabla yangu. Aliliinua birika, akapapasa gazeti lote kwa upande wa nyuma wa kiganja, akalikunja, akalitia chini ya mkaa, na kuwasha nalo jiko.