Uso wa Celie na Macho ya Mungu

Mwaka 1982 Alice Walker, mwandishi mweusi wa Marekani, alichapisha riwaya iitwayo The Color Purple, yaani rangi ya zambarau. Mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Pulitzer. Inamhusu Celie, msichana mweusi wa Georgia, ambaye barua zake zinaanza akiwa na miaka 14. Mtu anayemwita baba anamnajisi, na watoto wawili aliowazaa wanaondolewa mikononi mwake. Hana wa kumweleza, basi anamwandikia Mungu.

Tangu mwanzo Celie anaambiwa kwamba ana sura mbaya. Tuangalie neno hilo linasemwa na nani, na wakati gani. Albert, mjane mwenye watoto, anakuja kumposa Nettie, mdogo wake Celie. Baba anakataa, anamtoa Celie badala yake: si mzuri, lakini kazi anaiweza, na ng'ombe atakwenda naye. Celie anaamriwa ageuke ili atazamwe. Hapo uso wake umekuwa bei. Akiisha kuitwa mbaya, anaweza kufanyishwa kazi bila shukrani na kupigwa bila mtetezi. Tena neno likirudiwa sana, mwenyewe huliamini. Harpo, mwana wa Albert, anapomwuliza afanyeje ili mkewe Sofia amtii, Celie anamjibu ampige.

Msomaji wa Biblia atamkumbuka Lea katika Mwanzo 29. Naye alikuwa dada mkubwa, macho yake dhaifu, akapewa mwanamume aliyemtaka mdogo wake. Lakini Maandiko yanatuambia kwamba Bwana aliona kuwa Lea hapendwi. Watu waliyaona macho yake. Mungu aliuona uchungu wake.

Rangi ya jina la kitabu nayo ina mafundisho. Sofia anakataa kuwa mtumishi wa mke wa meya, anapigwa kofi na meya, naye anamrudishia. Polisi wanampiga mpaka jicho moja linapofuka. Celie anapomwona gerezani, ngozi yake imekuwa kama biringanya. Baadaye Shug Avery, mwimbaji, anamfundisha Celie kuitazama zambarau ya maua shambani kama kazi ya Mungu. Wengi wetu hatutakubali kila anachosema Shug juu ya Mungu, wala uhusiano wake na Celie. Lakini swali linabaki kwetu: tunawezaje kulisifu ua la kondeni, kisha tukapita kimya mbele ya rangi ileile kwenye shavu la mwanamke?

Kuna uso wa tatu. Tashi, binti wa Waolinka, kabila la Afrika alilolibuni Walker, anachanjwa alama usoni kwa desturi ya watu wake. Adam, mwana wa Celie aliyelelewa na wamisionari, anataka kumwoa, lakini Tashi anaogopa kwamba Marekani watamdharau kwa alama zile. Adam hamhubirii. Anakwenda kuchanjwa uso wake mwenyewe, ili mkewe asiaibike peke yake. Hapa Mkristo ataiona Wafilipi 2, na Isaya 53 pia, kwa maana Mtumishi wa Bwana hakuwa na uzuri wa kutamaniwa.

Mwisho wa riwaya una baraka nyingi mno kwa haraka: nyumba, kazi ya kushona suruali na ndugu waliopotea, vyote vinarudi. Lakini Walker hakumpa Celie sura mpya. Uso ni uleule. Wanaomtazama ndio waliobadilika, naye mwenyewe miongoni mwao. Nadhani hilo ndilo jambo la kweli kuliko yote kitabuni.

Wapendwa, tunapokaa kwenye posa na kumpima binti kwa rangi na umbo, tunamwamuru ageuke. Tunapomwambia mama mwenye jicho lililovimba avumilie, arudi nyumbani, tunamjibu kama Celie alivyomjibu Harpo. Bwana huutazama moyo. Lakini alama iliyo shavuni nayo anaiona, na atatuuliza kama sisi tuliiona.